Usipakie sauti lumbesa: kwa nini nimerudisha pakiti za simu yangu kwenye 40

Najua mmenizoea kwenye mambo ya mchele, vifungashio na wale wateja wa "bei njoo inboksi". Leo naandika kuhusu namba moja ndogo iliyojificha ndani ya programu ya simu za intaneti, namba iliyonipotezea mteja wangu mzuri kuliko wote. Ukimaliza kusoma unaweza kunibishia, karibu sana. Ila msimamo wangu ni huu: kama unapokea oda kwa sauti na mtandao wako ni wa kubahatisha, usipandishe pakiti za sauti hadi 60 eti unabana bando. Unachookoa ni kidogo kuliko watu wanavyosema, na hasara yake utailipa kwa mzigo.

Kwa wageni wa ukurasa huu: nauza mchele hapa Dakawa, wilaya ya Mvomero, njia ya Morogoro kwenda Dodoma. Sina shamba la maana. Nanunua mpunga kwa wakulima wa skimu, SARO 5 kwa wingi, nakoboa, nafungasha viroba vya kilo 10 na 25, napiga picha, naweka mtandaoni. Dada yangu yuko Dar, maeneo ya Tandale. Yeye ndiye anayepokea wateja wa kule na kuwafikishia. Shule niliishia kidato cha nne. Mambo ya kompyuta nimejifunzia kwenye laptopu ya mtumba, usiku, bando la usiku likiwa rahisi.

Mimi na dada tunaongea sana. Ukijumlisha simu zote za siku, oda, malalamiko, mzigo umepakiwa basi gani, umefika ama bado, inafika saa nzima. Zamani tulitumia WhatsApp kama kila mtu. Halafu nikaijua Linphone, programu huria ya Kifaransa ambayo ipo tangu 2001. Unafungua akaunti bure, unampigia mwenzako mwenye akaunti, mnachotumia ni data tu. Kilichonivutia zaidi ni kwamba ukijua pa kugusa inakuruhusu kubadilisha karibu kila kitu. Kwa mtu kama mimi hiyo ni sawa na kumpa mtoto bisibisi.

Kwenye kundi moja la wauzaji nikakutana na ushauri: "weka ptime 60, bando litakaa mwezi". Watu wakaweka moto na makofi. Sitamtaja aliyeandika na wala simlaumu, maana alichosema ni kweli nusu. Nusu nyingine ndiyo hii.

Sauti yako haisafiri kwenye intaneti kama maji ya mfereji. Programu inaikata vipande vidogo sana, inapima kwa milisekunde, yaani sehemu ya elfu ya sekunde. Kawaida kila kipande ni milisekunde 20, kwa hiyo sekunde moja ya maneno yako inakuwa vipande 50. Kila kipande kinafungwa kwenye pakiti, na kila pakiti lazima ibebe karatasi za safari: inatoka wapi, inakwenda wapi, ni ya ngapi kwenye foleni. Hizo karatasi ndizo wanaziita vichwa vya pakiti. Kwa intaneti ya kawaida zinachukua baiti 40 (20 za anwani, 8 za mlango, 12 za mpangilio wa sauti), na kwa mitandao ya anwani mpya za IPv6 zinafika 60. Ukiongea neno zima au ukivuta pumzi, baiti 40 ziko pale pale.

Ichukulie kama boda wa hapa stendi. Nauli yake ni ya safari, haijali umempa kifuko cha kilo moja au kiroba. Ukimtuma kilo kumi kwa kifuko kimoja kimoja utalipa nauli kumi. Ukimpa kiroba kimoja cha kilo kumi unalipa mara moja. Ptime ni ukubwa wa kifuko. Ukiipandisha, safari zinapungua na nauli za vichwa zinapungua. Hapo jamaa wa kundini alikuwa sahihi kabisa.

Sasa tupige hesabu, maana sisi ni wafanyabiashara na hesabu haina aibu. Chukua kodeki ya Opus, ile inayobana sauti vizuri, iwe kwenye kilobiti 16 kwa sekunde. Kwa pakiti za milisekunde 20, kila pakiti inabeba baiti 40 za sauti na baiti 40 za vichwa. Nusu kwa nusu! Unalipia karatasi sawasawa na mchele. Simu ya saa moja, kwenda na kurudi, inakula kama MB 28.8. Ukiweka 40, sauti inakuwa baiti 80 na vichwa vile vile 40, saa moja inashuka hadi MB 21.6. Ukiweka 60, unafika MB 19.2.

Rudia kuzitazama hizo namba. Kutoka 20 kwenda 40 umeokoa MB 7.2 kwa saa. Kutoka 40 kwenda 60 umeokoa MB 2.4 tu. Hatua ya kwanza ina nyama, ya pili ni mfupa. Kwa saa moja kila siku, mwezi mzima, ile hatua ya pili inanipa MB 72. Hizo ni video chache tu za watu wakicheza. Mimi nilizifuata hizo MB 72 kwa mbio, kwa sababu sikupiga hesabu. Niliona 60 ni kubwa kuliko 40 nikajua lazima itakuwa bora.

Nikaenda kwenye faili ya mipangilio ya Linphone, ile inayoitwa linphonerc, sehemu ya rtp. Nikaandika upload_ptime 60 kwa sauti ninayotuma, na download_ptime 60 kwa sauti ninayoomba nitumiwe. Nikampigia dada, nikamuelekeza na yeye kwenye kompyuta yake hatua kwa hatua, akanuna lakini akafanya. Siku mbili za kwanza tulipiga asubuhi, sauti safi kabisa, nikajiona injinia.

Siku ya tatu ilikuwa Alhamisi, jioni, mvua inataka kunyesha. Dada akapiga haraka haraka. Mama mmoja wa Tandale, mama lishe ambaye alikuwa anachukua kwetu kila wiki, amepata kazi ya kupika harusi Jumamosi. Anataka viroba vya kilo 10, mzigo uondoke kesho alfajiri. Mtandao ulikuwa unakatakata. Nikasikia "viroba sita". Nikauliza, "Sita eeh?" Dada akajibu, "Ndiyo, ndiyo, usichelewe basi mdogo wangu." Nikapakia sita.

Dada alisema tisa. Na mimi niliposema "sita eeh", yeye kule alisikia "tisa eeh".

Jumamosi mama wa watu alikuwa na kilo 60 badala ya 90. Akakimbilia sokoni kununua kilo 30 za haraka, kwa bei ya rejareja, mchele mwingine kabisa. Mliowahi kupika kwa sufuria kubwa mnajua kinachotokea ukichanganya michele miwili isiyolingana: mmoja umeiva, mwingine bado unatafuna meno. Sahani za harusi ya watu zikatoka vile. Dada alikwenda kumuomba radhi na tukamrudishia tofauti ya bei aliyolipa sokoni. Alipokea, akashukuru kwa heshima, na hajaagiza tena mpaka leo. Alikuwa anachukua kilo 40 kwa wiki. Hizo pigeni wenyewe kwa mwaka.

Nilivyoanza kutafuta kosa, kwanza nikalaumu mtandao, kama sote tunavyofanya. Na kweli mtandao ulikuwa mbovu jioni ile. Lakini ulikuwa mbovu hata tulipokuwa kwenye 20 na hatukuwahi kusikia tisa ikawa sita. Kitu kilichobadilika ni kile nilichokibadilisha mimi.

Tofauti ni hii. Tuseme kati ya pakiti 100 zinazotumwa, 5 zinapotea njiani. Ukiwa kwenye 20, unapoteza vipande viwili au vitatu kila sekunde, lakini kila kimoja ni punje. Programu ya upande wa pili ikikosa punje inabahatisha: inanyoosha sauti iliyotangulia, inaziba tundu, sikio lako halishtuki. Ukiwa kwenye 60 unapoteza chini ya kipande kimoja kwa sekunde, ila kila kimoja ni kikubwa mara tatu. Jumla ya sauti iliyopotea ni ile ile. Kilichobadilika ni umbo la tundu. Milisekunde 60 zinatosha kumeza sauti ya "t" au sehemu kubwa ya "s", na mtandao ukizingua pakiti hazipotei moja moja kwa adabu, zinapotea mbili tatu mfululizo. Mbili za 60 ni milisekunde 120, hapo umeshakula karibu silabi nzima. Programu inajitahidi kuziba, lakini tundu la silabi halizibiki kwa kubahatisha. Linazibwa na ubongo wa msikilizaji, kwa neno analolitegemea yeye. Mimi nilizoea mama yule kuchukua viroba vichache, nikasikia sita.

Na angalia Kiswahili chetu kilivyotutega. Sita na tisa ni silabi zile zile karibu zimegeuzwa. Sitini na sabini zinaanza na "s" na kuishia "ni", ukila katikati umekwisha. Kama neno limekatika, "nataka" na "sitaki" tofauti yake kubwa iko mwanzoni. Anayepiga soga anaweza kukosa silabi mbili na maisha yakaendelea. Sisi tunaongea namba na pesa.

Kuna jambo la pili, dogo kidogo, nalipitia haraka. Pakiti haiwezi kuondoka mpaka ijae. Ukiweka 60 unasubiri milisekunde 60 za maneno ndipo boda aondoke, badala ya 20. Nyongeza ya 40 siyo kubwa peke yake, ila mtandao wenyewe nao unachelewesha. Mwongozo wa shirika la kimataifa la mawasiliano, ITU, unaoitwa G.114, unasema ucheleweshaji wa upande mmoja ukibaki chini ya milisekunde 150 watu wengi wanaongea bila kusumbuka. Ukivuka hapo mnaanza kuingiliana: "Halo, ndiyo, sema wewe, hapana sema wewe." Mnajikuta mnaharakisha, na ukiharakisha huhakiki oda. Sisi siku ile tulikuwa tunaharakisha.

Hapa ndipo nasema lumbesa. Wote tunajua gunia la lumbesa, lile linaloshonewa kilemba juu ili nauli ya gunia moja ibebe gunia na nusu. Anayepakia anaona ameokoa. Likipasuka barabarani, linapasuka na kilemba chake.

Sasa msinielewe vibaya mkakimbilia kushusha hadi 10. Kwa hesabu ile ile ya Opus, ukiweka 10 kila pakiti ina baiti 20 za sauti na 40 za vichwa, karatasi ni mara mbili ya mchele, na saa moja inakula MB 43.2. Kwa mtandao wa huku hiyo ni kujitafutia foleni. Tena kuna mahali pakiti kubwa zinasaidia kweli. Kama duka lako lina Wi-Fi moja inayogombaniwa na simu nane, kila pakiti inabidi isubiri zamu yake hewani, kwa hiyo pakiti chache zenye shibe zinapita vizuri kuliko utitiri wa vidogo. Na ukiwa mahali ambapo mtandao haupotezi kitu, 60 haitakudhuru sana. Nabishana na kunakili namba ya mtu wa Masaki ukaitumia Dakawa bila kupima.

Kupima si kazi. Linphone ukiwa katikati ya simu ina sehemu ya takwimu, inakuonyesha kodeki gani inatumika na asilimia ngapi ya pakiti zinapotea. Mimi nilipima wiki nzima, nikaandika kwenye daftari la mauzo. Asubuhi upotevu ulikuwa kati ya 0 na 1. Jioni kuanzia saa kumi na mbili ulipanda hadi 6, siku ya mvua 8. Halafu nikagundua kitu cha kunichekesha mwenyewe: nilikuwa naongelea nyuma ya duka, ambako pande zote ni mabati. Nilipohamisha laptopu mlangoni, jioni ikashuka hadi 3. Usumbufu wote ule, na nusu ya dawa ilikuwa kutoka mlangoni.

Dawa nyingine ambayo nilipaswa kuanza nayo ni kodeki. Hili watu wa "weka 60" hawalisemi kabisa. Nilipofungua takwimu mara ya kwanza nilikuta simu zetu nyingi zinatumia G.711, kodeki ya zamani ya simu za mezani, inayomwaga kilobiti 64 kila sekunde. Kwa pakiti za 20 hiyo ni MB 72 kwa saa kwenda na kurudi. Ukiipandisha hadi 60 inashuka hadi MB 62.4, ndiyo, umeokoa. Lakini ukiiacha 20 pale pale na kuhamia tu kwenye Opus ya kilobiti 16, unatoka MB 72 hadi MB 28.8, na hakuna silabi hata moja uliyoiweka rehani. Yaani jamaa anakushauri ubane vifuko wakati mpunga wenyewe haujakobolewa! Koboa kwanza.

Kwa hiyo leo tuko hivi: Opus peke yake, nyingine zote nimezizima kwenye orodha ya kodeki, na ptime 40 pande zote mbili. Pande zote mbili ni muhimu, maana namba hiyo ni ombi tu, kila upande unasema ungependa kupokea vipi, na programu nyingine zinaweza kulipuuza. Ukibadilisha kwako tu utasikia vizuri huku mwenzako anasikia makapi, au kinyume chake. Jioni za mvua narudi 20 na nakubali kulipa hizo MB 7 za ziada kwa saa. Kwa wale wenye vile vidude vya kuunganishia simu ya mezani na intaneti, vya Grandstream kwa mfano, mtaikuta kwa jina la Voice Frames per TX, nayo huja na 2 kutoka kiwandani, maana yake fremu mbili za milisekunde 10, yaani 20. Ukiona mtu kaweka 6, muulize anauza nini.

Wale wa WhatsApp, na najua ndio wengi humu, nyie hiyo namba hamuioni wala hamuigusi, programu inajipangia yenyewe kulingana na mtandao. Mlichonacho ni swichi moja kwenye mipangilio, sehemu ya hifadhi na data, ya kutumia data kidogo wakati wa simu. Maoni yangu: ukiwa unaongea na shangazi, iwashe. Ukiwa unapokea oda jioni na sauti inakatika, izime, upige tena. Kama bando haliruhusu basi usipokee oda kwa sauti saa hiyo, mwambie mteja aandike. Najua kuna wateja hawapendi kuandika, na kuna wamama wengine kuandika kwao ni kazi kweli. Hao tuma wewe meseji: "Mama, nimeandika viroba 9 vya kilo 10, ni sawa?" Akijibu hata kwa kidole gumba umepona. Meseji moja ya namba hiyo ingeniokolea harusi ya watu.

Dada mwanzoni alikataa kabisa kurudi kwenye Linphone, akasema afadhali apige simu ya kawaida alipe dakika. Tulikubaliana kwa sharti lake moja. Bibi yetu kule Mgeta bado anahesabu kizamani, akifika nane hasemi tisa, anasema kenda. Basi sasa kwenye simu zetu tisa imefutwa. Wiki iliyopita jioni, mtandao ukikwaruza kama kawaida, nimesikia dada anapiga kelele kutoka Tandale: "Kenda! Viroba kenda, umesikia mdogo wangu?" Nimepakia tisa.